Suti ya Kuzamia kwa Maji ya Uvuguvugu: Uchaguzi Unaofaa Unguja, Pemba na Mafia

Bahari iliyo kati ya Wasini, upande wa Kenya, na Mafia, upande wa Tanzania, huwa na maji ya uvuguvugu mwaka mzima, na sifa hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wanaojiandaa kuzamia huko kuiacha nguo ya kuzamia iwe jambo la mwisho kufikiriwa, linaloweza kumalizwa kwa kuazima chochote kilichotundikwa kituoni siku ya kwanza. Nguo yenyewe ni ile ambayo viongozi wa mbizi na manahodha wa pwani huiita wetisuti, na ambayo katika makala haya itaitwa suti ya kuzamia: vazi la mpira wenye povu, lenye kubana mwili, ambalo huruhusu maji kidogo kuingia, tofauti na suti kavu ya bahari za baridi, ambayo hufungwa shingoni na kwenye vifundo vya mikono ili ngozi isiguswe na maji kabisa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika bahari ya uvuguvugu namna suti inavyoukaa mwili ina uzito kuliko unene wake, na kwamba unene wenyewe upimwe kwa idadi ya mbizi na urefu wa siku, wala usipimwe kwa kipimajoto cha maji peke yake.

Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki kwenye nyuzi 37 za Selsiasi kwa ndani. Mtu aliyeketi kivulini kifua wazi, penye hewa ya nyuzi 28, hahisi baridi, lakini mtu huyo huyo akitulia ndani ya maji ya nyuzi 28 huanza kupoteza joto bila kutambua, kwa sababu maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa, na kwa sababu maji huhitaji joto jingi sana ili yapande hata kwa uzi mmoja. Ili mtu asiye na nguo, na asiyejishughulisha, akae majini kwa saa nyingi bila mwili wake kupoa, maji hayana budi kuwa na nyuzi kati ya 33 na 35, kiwango ambacho bahari ya wazi ya Afrika Mashariki haikifikii hata mwezi wa Machi. Bahari ya baridi humpora mtu joto waziwazi, naye akatoka upesi. Bahari ya uvuguvugu humchukulia kidogo kidogo, naye akaendelea kubaki. Dalili zake ni za kimya: miayo isiyo na sababu, haja ndogo ya mara kwa mara, pumzi kwenda haraka na hivyo hewa ya mtungi kuisha mapema kuliko jana, na vidole kuwa vizito katika kufungua kifungo ambacho asubuhi kilifunguka bila shida. Mtetemeko huja baadaye, na mzamiaji anayetetemeka chini ya maji ameshapitwa na wakati wa kupanda.

Wenyeji wa pwani huugawa mwaka kwa pepo, na mgawanyo huo humfaa mzamiaji kuliko kalenda. Wakati wa kaskazi, yaani kuanzia Desemba hadi Machi, maji ya juu huwa na nyuzi 28 au zaidi, na kufikia Machi na Aprili hukaribia 29 na 30. Kusi ikishika, joto la maji hushuka polepole hadi kwenye nyuzi 25 au 26 mwezi wa Julai na Agosti, kisha hupanda tena pepo zinapolegea wakati wa maleleji, majira ya katikati ambayo upepo haujaamua upande. Tofauti ya nyuzi nne au tano huonekana ndogo kwenye karatasi, hasa kwa msomaji aliyezoea kusikia habari za bahari za Ulaya, lakini ndani ya maji hutenganisha mbizi ya dakika 60 yenye starehe na mbizi ambayo mtu huanza kuangalia saa yake katika dakika ya 35. Tena kusi huleta jambo la pili ambalo kipimajoto cha maji hakilionyeshi, nalo ni upepo wenyewe, unaompiga mzamiaji aliyelowa kwenye boti.

Kabla ya kuzungumzia milimita, inafaa kueleza kinacholeta joto ndani ya suti, kwa kuwa kosa katika jambo hili huzaa makosa mengine yote. Neoprini, mpira wa kutengenezwa viwandani, ilitokana na kazi ya wanakemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1930; na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanafizikia Hugh Bradner, wa Chuo Kikuu cha California, alitambua kwamba mzamiaji anaweza kulowa na bado akabaki na joto, mradi nguo yake iwe na hewa iliyofungwa ndani ya kitambaa chenyewe. Neoprini ya kuzamia hujazwa viputo vidogo sana vya gesi ambavyo havikuungana, na gesi hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Maelezo yanayotolewa katika mafunzo mengi ya mwanzo, kwamba suti huhifadhi tabaka la maji ambalo mwili hulipasha joto na ambalo nalo huupasha mwili, yamepinduka. Maji yaliyo ndani ya suti hayampi mzamiaji joto lolote. Yeye ndiye anayeyapa. Wema pekee wa maji hayo ni kutulia mahali pamoja baada ya kupashwa, na yakitoka na kuingia mengine, gharama hulipwa upya.

Gharama hiyo inaweza kuhesabiwa. Lita moja ya maji ya nyuzi 26 ikiingia ndani ya suti, ikapashwa na ngozi hadi nyuzi 31, kisha ikatoka shingoni mzamiaji anapogeuza kichwa, mwili utakuwa umetoa takriban kilokalori 5. Lita 12 za namna hiyo katika mbizi moja zinatosha kushusha joto la mwili wote wa mtu wa kilo 70 kwa karibu uzi mmoja, kama mwili usingekuwa unazalisha joto jipya. Lita 12 ni ndoo ndogo ya kufulia. Katika suti iliyolegea mgongoni huingia na kutoka kwa urahisi ndani ya saa moja, na hakuna milimita za ziada zitakazozuia hasara hiyo, kwa sababu maji hayapiti kwenye unene wa mpira, hupita kwenye pengo. Ndiyo maana suti ya milimita 3 iliyokaa vizuri humtunza mtu kuliko ya milimita 5 inayopwaya, na ndiyo maana suti ya kuazima, ambayo imevaliwa na miili mia tofauti na kutanuka kwa kila mmoja, mara nyingi hukatisha tamaa hata pale namba iliyochapwa kifuani inapoonekana kutosha.

Kujaribu suti ni kazi ya dakika 15 na haipaswi kuharakishwa dukani wala kituoni. Ivaliwe mwili ukiwa mkavu, na ili mguu uteleze, mfuko mwepesi wa nailoni huvalishwa unyayoni kwanza kisha ukavutwa kupitia tundu la mguu. Mpira upandishwe kidogo kidogo kwa matumbo ya vidole, si kwa kucha, mpaka msamba wa suti ukutane na msamba wa mwili, kwa sababu suti iliyobaki chini kwa inchi mbili pale itavuta mabega siku nzima. Zipu ikishafungwa, sehemu ya kwanza ya kukaguliwa ni kiunoni kwa nyuma, pale uti wa mgongo unapoingia ndani: mtu mwingine aweke kiganja hapo na kubonyeza, na iwapo mpira unazama kabla ya kugusa ngozi, kuna mfuko, na mfuko huo utajaa maji mara tu mzamiaji atakaporuka kutoka botini. Kisha aliyevaa anyanyue mikono yote miwili juu, achuchumae, ajikunje kama anayevaa mapezi, na avute pumzi ndefu hadi mwisho. Kubanwa kunakohisiwa mwili mzima kwa usawa ni jambo jema, nako hupungua ndani ya maji. Kubanwa pahali pamoja, hasa kwapani au nyuma ya goti, hakupungui. Shingo inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa ukosi unaokaba sana huibana mishipa mikubwa ya pande mbili za shingo na unaweza kumletea mtu kizunguzungu, na kizunguzungu chini ya maji ni hatari ambayo haistahili kuvumiliwa kwa ajili ya nguo. Kidole kimoja kipite kati ya ukosi na ngozi kwa taabu kidogo. Viwili vikipita kwa raha, maji nayo yatapita.

Mishono nayo huzungumza. Mshono bapa, unaoonekana kama njia ya reli kwa nje na kwa ndani, huwa laini mwilini lakini sindano yake imetoboa mpira upande hadi upande, hivyo hupitisha maji. Unakubalika katika suti nyembamba ya kaskazi. Mshono uliogundishwa kwanza, kisha ukashonwa kwa uzi unaoingia nusu ya unene na kurudi bila kutokea upande wa pili, hauna matundu, nao ndio wa kutafutwa katika suti ya milimita 3 au 5 itakayotumiwa wakati wa kusi. Ukingo wa mikono na wa miguu ukiwa na utepe wa mpira mtupu, usiofunikwa kitambaa, hushika ngozi na kupunguza maji yanayopenya.

Unene una tabia moja ambayo muuzaji huitaja kwa nadra: hupungua kina kinapoongezeka. Juu ya maji mwili hubeba mgandamizo wa angahewa moja. Kwenye mita 10 hubeba mbili, kwenye mita 20 tatu, na kwenye mita 30 nne. Gesi iliyo huru ingebaki robo ya ujazo wake kwenye mita 30, na ingawa mpira unaozunguka viputo hukataa kiasi, suti bado husinyaa na kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, hasa ile iliyotengenezwa kwa mpira laini mno. Kwa hiyo anayepanga kuteremka kwenye kuta za mwamba za Pemba, ambako mlango wa bahari unaokitenga kisiwa na bara ni wenye kina kirefu sana na ambako mbizi za mita 25 hadi 30 ni za kawaida, anahitaji suti nene kidogo kuliko anayezunguka kwenye matumbawe ya mita 12 karibu na kisiwa cha Mnemba, hata kama kipimajoto chao ni kimoja.

Gesi hiyo hiyo humwelea mvaaji, na hapo ndipo mkanda wa risasi unapoingia. Kila milimita inayoongezwa hudai risasi zaidi ili mtu aweze kushuka, kisha chini suti inaposinyaa, risasi hizo hugeuka mzigo ambao lazima ufidiwe kwa kutia hewa kwenye jaketi la kuelea. Mzamiaji aliyezoea milimita 3, akiazima ghafla suti mpya ya milimita 5, mara nyingi ataongeza kilo moja hadi mbili au zaidi, na kiasi chenyewe hakiwezi kukisiwa kwa macho: akae wima juu ya maji, jaketi likiwa tupu na mtungi ukiwa umebaki na hewa kidogo, avute pumzi ya kawaida na kuizuia, na maji yakifika usawa wa macho, risasi zimetosha. Mtungi upunguzwe kwanza kwa sababu hewa ina uzito, na mtungi wa kawaida wa aluminiamu wa lita 11 huwa mwepesi kwa zaidi ya kilo 2 ukiisha. Aliyepima uzito wake na mtungi uliojaa atajikuta akipaa mwishoni mwa mbizi, katika kituo cha usalama cha mita 5, mahali ambapo hatakiwi kupaa.

Hukumu ya jumla, basi, kwa safari ya wiki moja Unguja, Pemba au Mafia yenye mbizi mbili au tatu kwa siku, ni suti ndefu ya milimita 3, inayofunika mikono na miguu hadi vifundoni, pamoja na fulana nyembamba ya neoprini yenye kofia iliyoshonewa humo humo, ambayo huvaliwa chini ya suti. Wakati wa kaskazi fulana hubaki begini na huenda ikatumika tu katika mbizi ya usiku. Wakati wa kusi huvaliwa kila siku, na mtu mwembamba au mwenye kuhisi baridi upesi achukue milimita 5 badala ya 3. Faida ya vipande viwili kuliko suti moja nene ni kwamba huweza kufuata siku: uchovu wa baridi hujikusanya, kwa maana kwamba mwili ulioanza mbizi ya pili bila kurudisha joto lililopotea katika ya kwanza huanzia chini, na mzamiaji aliyejisikia vizuri siku ya kwanza anaweza kujikuta siku ya nne akitetemeka katika maji yale yale. Mpiga picha anayetulia robo saa mbele ya kamba mmoja, na mzamiaji anayebebwa na mkondo wakati wa bamvua bila kupiga pezi, wote wawili hawazalishi joto la kutosha, na wanapaswa kujihesabu kana kwamba maji yao ni baridi kwa nyuzi mbili zaidi.

Kofia huhitaji utetezi, kwa kuwa watu wengi huiona kuwa kitu cha nchi za barafu. Imesemwa mara nyingi kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani, na dai hilo si kweli. Kichwa ni karibu sehemu ya kumi tu ya ngozi yote, na hupoteza joto kulingana na ukubwa wake. Lakini mwili wote ukishafunikwa na kichwa kikaachwa wazi, kichwa hicho hugeuka mlango pekee usiofungwa. Zaidi ya hapo, kofia iliyounganishwa na fulana huziba shingo, pale maji mengi yanapoingilia, na faida hii ya pili pengine inazidi ya kwanza.

Suti fupi, inayoishia juu ya magoti na viwiko, ndiyo inayouzwa sana kwa watalii na ndiyo isiyofaa sana pwani hii. Mwezi wa Machi huweza kutosha kwa mbizi moja ya asubuhi, hilo halina ubishi. Lakini huacha wazi mapaja na mikono mbele ya konyeza, wale viumbe wa baharini wenye kuwasha kama upupu, ambao huja kwa makundi na pepo, na mbele ya matumbawe ya moto, ambayo mkondo unaweza kumsukumia hata mzamiaji mwangalifu. Suti ndefu haimpi mtu ruhusa ya kugusa mwamba. Kwa sababu hiyo glavu zibaki nyumbani: mkono uliovikwa hujiona salama na kushika, na katika hifadhi ya bahari ya Bonaire, kisiwa cha Karibiani kinachosifika kwa uzamiaji, zimepigwa marufuku.

Kuna safari ambazo baridi si suala kabisa. Kati ya Oktoba na Februari au Machi, karibu na Kilindoni, watu hushuka majini Mafia kuogelea na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na huelea juu juu kwa miwani na mrija, mgongo ukilielekea jua la utosi. Hapo kinachohitajika ni vazi jepesi la laikra, kitambaa chenye kunyumbuka kisicho na povu, lenye mikono mirefu na miguu mirefu. Vazi hilo hufanya kazi ya mafuta ya kujikinga na jua bila kuyaacha majini, jambo lenye maana tangu ilipodhihirika kuwa baadhi ya kemikali za mafuta hayo zinaweza kudhuru matumbawe, kiasi cha jimbo la Hawaii kupiga marufuku uuzaji wa mbili kati yake kuanzia mwaka 2021. Wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba, waliofanya kazi katika maji ya joto zaidi kuliko haya, walilitambua hitaji hilo zamani kabla ya mpira wa povu: msimu wa konyeza ulipofika, walivaa nguo za pamba zilizofunika mwili mzima.

Ghuba na Omani zinatajwa pia kwa sababu nyingine. Waswahili wengi wana jamaa Maskati na husafiri huko, na mzamiaji kati yao anaweza kudhani kwamba nchi ya joto ina bahari ya joto. Katika Dhofar, upande wa kusini wa Omani, upepo wa majira ya Juni hadi Septemba, ambao ni ndugu wa kusi, husukuma maji ya juu mbali na ufuko na kuyaacha ya chini yapande, nayo ni ya baridi sana. Kwa mzamiaji wa Zanzibar suti ya milimita 3 haitoshi huko majira hayo, hata bahari ikiwa shwari kiasi cha kuzamia, na kwa kawaida haiwi.

Kwa wanawake wanaotaka kusitirika, suti ndefu yenye kofia imeondoa kikwazo kikubwa, kwa kuwa hufunika kila kitu isipokuwa uso, viganja na nyayo. Inabana, na anayeona kubana huko kunapunguza stara anaweza kuvaa juu yake fulana pana ya laikra inayofika mapajani na kaptura ya kuogelea, mradi pindo lisifike kwenye vifungo vya jaketi wala kwenye mkanda wa risasi, ambao lazima ufunguke kwa mkono mmoja. Mradi wa Panje, kaskazini mwa Unguja, uliwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya kuwasitiri, na hakuna sababu ya hatua inayofuata, ya mtungi na mapezi, kuwafungia mlango. Vituo vya kuzamia vinapaswa kuwa na suti za kike za saizi zote, zenye mkato wa nyonga na kifua, badala ya kuwapa wanawake suti ya kiume inayopwaya kiunoni na kuwaambia wavumilie.

Watoto hupoa haraka kuliko watu wazima, kwa kuwa ngozi yao ni nyingi ikilinganishwa na uzito wao, na desturi ya kumnunulia mtoto nguo kubwa ili akue nayo, inayofaa sana kwa sare za shule, haifai hapa: suti ya kukulia ni ndoo ya maji. Ni heri kuazima inayomtosha mwaka huu. Suti ikipatikana kwenye mitumba, ikunjwe kwa nguvu mbele ya mwanga ili nyufa za mpira mtupu zionekane, na ibonyezwe kwa kidole gumba; mpira wenye uhai hurudi mara moja, uliochoka hubaki na shimo. Nyingi kati ya hizo zilishonwa kwa ajili ya mchezo wa mawimbi na mpira wake ni laini, hivyo zitumike kwenye kina kifupi. Iliyochanika isipelekwe kwa fundi cherehani akaipiga mshono wa kupenya, bali ipakwe gundi ya neoprini kwenye kingo zote mbili, iachwe ikauke hadi isinate kidoleni, ipakwe tena, kisha kingo zibanwe pamoja.

Joto linalopotea kwenye boti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Suti iliyolowa, ikipigwa na upepo wa kusi kati ya mbizi mbili, hukausha maji yake kwa kutumia joto la aliyeivaa, na saa moja ya namna hiyo inaweza kumgharimu zaidi ya mbizi yenyewe. Ishushwe hadi kiunoni, kifua kikaushwe, kikoi kikavu kizungushwe mabegani na koti la mvua livaliwe juu yake kuzuia upepo; chai ya tangawizi kwenye chupa, na maji ya kunywa, vikamilishe. Maji yanatajwa kwa sababu kuzama na kupoa huusukuma mwili kutoa mkojo mwingi, na mzamiaji hukaukiwa huku akiwa amezungukwa na bahari. Anayeogopa kunywa kwa sababu ya haja ndogo ndani ya suti anajidhuru, suti huoshwa. Tena baridi ina uhusiano na ugonjwa wa mgandamizo, ambao hutokea nitrojeni iliyoyeyuka mwilini inapogeuka viputo wakati wa kupanda. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007 na kitengo cha majaribio ya uzamiaji cha Jeshi la Wanamaji la Marekani yalionyesha kwamba wazamiaji waliokuwa na joto chini na baridi wakati wa kupanda walipata ugonjwa huo zaidi kuliko waliokuwa na joto wakati wa kupanda, kwa kuwa damu haikufika vya kutosha kwenye ngozi na misuli kuiondoa nitrojeni hiyo. Anayeanza kuhisi baridi apande mapema na taratibu, bila kungoja kundi limalize hewa.

Kuhusu mizigo, ndege ndogo zinazokwenda Mafia na Pemba kwa kawaida huruhusu kilo 15 na hupendelea mifuko laini. Suti ndefu ya milimita 3 ikiwa kavu hula takriban kilo moja na nusu, na fulana chini ya hapo; zikiwa zimelowa huongezeka sana, na harufu yake hukaa begini kwa miezi. Zikunjwe kwa kuviringishwa, miwani na tochi zikiwekwa katikati kama ndani ya mto. Kila jioni zizamishwe kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, zigeuzwe ndani nje, zitundikwe kivulini kwenye kining'inizo kipana cha mabega, kwa sababu jua hukausha mpira hadi ukapasuka, na kamba nyembamba huacha mkunjo ambapo viputo hupasuka na suti hubaki nyembamba pale daima. Siku ya mwisho haina mbizi: aliyezamia siku kadhaa mfululizo anashauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, ili nitrojeni iliyobaki itoke, na saa hizo ndizo suti inazozihitaji chini ya upenu wenye upepo, ndani nje mpaka saa sita mchana, kisha upande wa nje mpaka magharibi, mikono ikivutwa kidogo kila mara ili matone yaliyojificha kwenye vifundo yatiririke.